Evelyne Asisubiri Gome

Endagikot,
Mbulu.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Agripina,

Marahaba kwa shikamoo yako. Natumaini mvua za Muleba zimeiacha migomba salama na goti lako limepoa. Huku baridi imeanza. Navaa makoti mawili hata mezani.

Ningepiga simu, lakini masikio yangu yamechoka, na jambo hili nataka ulisome mara mbili.

Umeandika kwamba mwanetu Evelyne amepatikana na ugonjwa kama wangu, utumbo mpana kuvimba na kutoa damu, na kwamba ameweka vidonge vya hospitali kando akisubiri nimtumie gome lililoniponya. Agripina, sijapona.

Habari hiyo najua ilikotoka. Jirani yangu, mama Gaudensia, huchemsha gome la mti wa mlimani, hulichanganya na maziwa, huniletea kwenye kibuyu. Hapa maziwa ya mtu hayakataliwi. Ukiyakataa umemkataa aliyekuletea. Basi mwanao Wilbard aliponitembelea Pasaka akaniuliza hali mbele ya mama huyo, nilijibu, "Namshukuru Mungu na huyu mama." Alibeba maneno hayo mpaka kwenu. Vidonge vilivyokuwa kando ya kibuyu hakuvisimulia.

Dawa ile ni chungu, na kuna majuma nilitulia. Lakini ugonjwa huu una tabia ya kupumzika wenyewe, halafu unarudi. Nimesoma kila nilichopata kuuhusu, na hadi leo sijui kama lilikuwa gome au ni mapumziko yake. Ninachojua ni kwamba maziwa yalinisumbua: tumbo lilijaa, kutwa nikawa mtu wa chooni. Nilivumilia kwa adabu, mpaka daktari aliponiuliza ninakunywa nini. Akaniambia niache maziwa nione.

Nilikwenda kwa Gaudensia nimeandaa maneno kama mtu anayekwenda kuungama. Alicheka hadi akashika mlango.

"Mwalimu, umekaa na sisi mpaka meno yameisha, bado unatuogopa? Maziwa ni heshima tu, dawa ni gome. Si ungesema!" Kisha akaacha kucheka. "Na zile za hospitali unameza?"

Nikasema nameza.

"Haya. Ukiziacha, kwangu usije."

Sasa gome lake nakunywa mara chache, kwa maji, na daktari anajua. Vidonge siruki. Hata hivyo nimechoka, mdogo wangu. Basi la kuja huko linanitisha kwa sababu ya tumbo tu, na kaburi la mama sijaliona tangu tulipolijengea. Evelyne ni kijana. Sitaki naye apange safari zake kwa kufuata vyoo vya njiani.

Kwa hiyo sitatuma gome. Mwambie hakuna kifurushi njiani. Arudi kwa daktari wake mara moja, aseme wazi kwamba aliacha dawa, afuate atakachoambiwa. Akikasirika, anikasirikie mimi.

Nisalimie shemeji Evarist, na Wilbard bila kumgombeza. Mama mkubwa Natalia mpe shikamoo yangu, kama bado ananikumbuka. Gaudensia naye anawasalimu. Mungu awakumbatie nyote, na nyumba yenu ipate usingizi.

Usijisumbue kunijibu kwa marefu. Niandikie tu kwamba amekwenda.

Ndimi kaka yako, akupendaye kutoka mbali,

Gregory