Vidonge vya Mama Vimefika Goweko

Jumanne, Itetemia

Nusu nzima! Nimefungua kopo la vidonge vya moyo vya Mama, nusu hamna. Kampelekea mdogo wake Goweko, eti "naye ni mnene, miguu inamvimba."

Na kosa ni langu. Daktari alinieleza kwamba unene unazidisha homoni fulani, nayo ikinasa kwenye vipokezi vya moyo, yaani milango inayoipokea, moyo unatanuka na kukakamaa. Kidonge kinaziba vipokezi hivyo. Mimi nikamrahisishia Mama: kidonge ni kufuli la mlango.

"Sasa mwanangu, mimi nijifungie, mdogo wangu alale wazi?"

Mama Mdogo hajapimwa hata figo, dawa hii inaweza kumdhuru. Ameshapiga simu kushukuru, uvimbe umepungua.

Kesho nakwenda kumnyang'anya.