Nyumba Ambayo Hukujengewa

Omera Okoth, kaka yangu,

Kuna swali ambalo nimeishi nalo tangu ulipofungwa: je, tulikukataa kwa sababu ulikuwa mwizi, au ulikuwa mwizi kwa sababu tulikukataa? Nimelisoma chuoni, sasa nalifundisha hapa Rongo kwa wanafunzi wanaoandika kila ninachotamka, na bado nikilisema kwa sauti nahisi nimelikosea mahali. Nakuandikia kwa sababu jibu nililokuwa nalo limeharibika, na mfano wa jibu hilo ulikuwa wewe.

Nianze na habari za nyumbani. Mama yuko. Magoti yanamsumbua, lakini siku ya soko hakosi Magunga na dagaa zake za omena, na mteja akizishika sana bado humwambia, "Nunua kwanza, utazisalimia nyumbani." Mzee, aliyemuoa Mama mimi na wewe tukiwa tumeshazaliwa, hasikii vizuri siku hizi, au huchagua la kusikia. Na Odhiambo, mdogo wetu, mtoto wa hao wawili, alikamatwa Sori kwa kuiba nyavu za wavuvi.

Nyavu, Okoth. Kama wewe.

Wanafunzi wangu mimi huwaeleza hivi. Kwetu kijana akishabalehe halali tena nyumbani kwa mamake. Hujengewa simba, kijumba chake mwenyewe karibu na lango la boma la babake. Lakini mtoto aliyeletwa na mama kwenye ndoa, yule tunayemwita kimirwa, hajengewi kwa baba wa kambo, maana aliyejengewa atakuja kudai shamba. Hakuna aliyekuchukia. Hilo hulirudia kila muhula: hakuna aliyemchukia kijana huyu, ila hapakuwa na mahali pa kumlaza. Ulilala kwa jirani mpaka mkewe akachoka. Ukalala kwenye kinu cha posho. Kisha ukashuka Sori, ukawa unalala mitumbwini na vijana ambao kazi yao huanza wenzao wakisinzia. Mimi nilikuwa kimirwa vilevile, lakini msichana haulizwi atajenga wapi. Nililala kwa nyanya, nikasoma. Nawaambia: mama mmoja, baba mmoja, tofauti ni mlango.

Wewe mwenyewe ulilifanyia mzaha. Ulikuwa ukija kula, unakaa kwenye kiti cha wageni na kuniagiza mimi dada yako: "Nyamera, mimi ni mgeni wa kudumu. Leta maji ya kunawa, na sabuni isiwe ile ya kufulia." Nilikuletea ileile ya kufulia.

Ulipofungwa, Baba Mdogo, nduguye Mzee, alisema damu ya huko kwenu imejitokeza. Ulipotoka hukupokelewa. Ulirudi ufuoni, kifua kikakuangusha, ukafia hospitalini Homa Bay, nasi tukakuzika nje ya ua. Hayo unayajua, au huyajui. Sina hakika na mambo ya huko uliko.

Sasa sikiliza. Odhiambo alikuwa na simba. Ya mabati, yenye mlango wa mbao na kufuli kubwa. Nyavu zilikutwa humo, chini ya kitanda. Nyumba ambayo mimi huwaambia watu ingekuokoa, yeye aliifanya ghala. Ungecheka, omera. Mimi niliahirisha mhadhara.

Mahakama ya Migori ilitaka kujua kama nyumbani watampokea, ili atumikie kifungo chake nje ya jela. Afisa wa probesheni akaja, mwanamume kijana mpole, tukaketi naye sebuleni. Baba Mdogo ndiye aliyesema kwa niaba ya boma: "Huyu mtoto ni wetu. Ni marafiki wa ufuoni waliomharibu. Turudishieni, tutamnyoosha." Nilimtazama nione kama anayasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia. Shangazi naye akanigeukia: "Atieno, wewe umesomea wizi mpaka digrii. Mwambie afisa huu wetu ni wa aina gani." Watu wakacheka, hata afisa.

Kisha afisa akauliza, kama wanavyouliza katika kila nyumba, iwapo kuna mwingine katika familia aliyewahi kufungwa.

Baba Mdogo alijibu bila kusita: "Hakuna."

Mama alitazama mikono yake. Shangazi aliacha kucheka. Nilielewa kilichokuwa mbele yangu: nikinyamaza, Odhiambo anahesabiwa ametoka katika nyumba safi na huenda akarudishwa, nikisema, huenda nikamfungia jela mtoto ambaye mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Na nikinyamaza, tumekutoa nje ya ua mara ya pili, nami nimo.

Nikasema, "Yuko. Okoth, ndugu yetu. Amefariki."

Baba Mdogo akaingilia: "Huyo si wa hapa. Alikuja na mama." Afisa alimgeukia Mzee, akapaza sauti: "Mzee, huyo Okoth alikuwa mtoto wako?"

Safari hii Mzee alisikia. Akasema, "Alikula kwangu." Basi. Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi. Siku nyingine nayasikia kama kukukubali kwa kadiri mwanamume wa umri wake awezavyo. Siku nyingine nasikia mtu anayetaja gharama.

Wageni walipoondoka, Mama aliniambia tukiosha vikombe, "Ilikuwa yangu kusema, Atieno. Ungeningoja." Sikuwa nimeliwaza hilo.

Odhiambo alirudishwa. Anafyeka nyasi za zahanati kwa amri ya mahakama, jioni analala katika simba yake, na watu wanamsalimia. Ninafurahi. Furaha hiyo ina uchungu ndani yake, nami sitaki kukuficha. Sijui kama nilikutaja kwa ajili ya ukweli au nilitaka Odhiambo naye aonje kidogo kukataliwa kwako. Nikijichunguza, ninapata yote mawili, na siwezi kuyapima.

Kuhusu swali, nimerudi nyuma kuliko nilipoanza. Aliyenyimwa nyumba aliiba. Aliyepewa nyumba aliiba. Pengine nyumba haimzuii mtu kuiba, ila huamua kama atakuwa na mahali pa kurudi baadaye. Nalisema hilo kwa tahadhari, kwa kuwa nalo ni jibu linalonipendeza, na yanayonipendeza nimejifunza kuyashuku. Ili nijue kwa hakika ingebidi uishi tena, kila kitu kiwe vilevile, isipokuwa ujengewe. Hakuna utafiti wa namna hiyo. Ulikuwa mmoja, na uliishi mara moja.

Lakini sitakutumia tena darasani kama mfano usio na jina. Nitawaambia nilikuwa na kaka, alikuwa mcheshi, aliiba, na sijui kwa nini. Wakiniuliza niandike nini ubaoni, nitawaachia ubao mtupu.

Kwaheri, omera. Mama anakusalimu, sikumwambia kwamba naandika, lakini angekusalimu.

Nyamin wako, dada yako,
Atieno