Ushindi wa Sataranji na Ruhusa Yangu

Bunda, Jumatano

Redio imesema timu yetu ya taifa imeshinda kwenye mashindano ya sataranji huko Ulaya, baada ya kufungwa kila siku. Wapinzani wa leo hawakutokea, ikapewa ushindi wa bure.

Mnyapara alikuwa ameniahidi mbele ya wapakizi wote wa pamba: timu ikishinda hata mara moja, Jumamosi naenda Musoma kumwona mdogo wangu wodini. Leo akageuka.

"Hawakucheza, ndugu."

Mzee Marwa, tunayefunga naye marobota, akamwambia, "Hata wewe husukumagi robota, na jioni unaandikwa umefanya kazi."

Watu wakacheka. Mnyapara akatia sahihi karatasi yangu ya ruhusa bila kucheka.

Wiki tatu nimelalamika sina ruhusa. Sasa ninayo, na naogopa nitakachokikuta.