Alama ya Mkaa

Scola, Anatoli kaharibu gari! Leo hii, siku ya kumpeleka mama yake hospitali!

Nyuma lilikuwa limelala, akasema atalinyanyua mwenyewe hapa uani. Kile chuma cha springi kina meno, ukikichomoa lazima ujue yalipokuwa, ukirudishe hapo hapo. Akaweka alama kwa mkaa. Kwa MKAA, Scola!

Kutu ikagoma, akamwagia dizeli. Chuma kikatoka, na alama ikatoka.

Sasa gari liko juu ya mawe, yeye kalala chini yake. Kila akikirudisha chuma, gari linakaa upande. “Ilikuwa hapa, Tecla. Hapa hapa.” Anarudia hilo tu.

Mama kavaa kitenge cha kanisani, kakaa mlangoni na mfuko wake. “Mwanangu, nije nipande?”

Kaweka nyundo, kajivuta ndani zaidi chini ya gari. Hatoki.