Delko ya Mzee Ramazani

Mjukuu wangu Clarisse,

Sisi wa Bel-Air tunakusalimu. Bibi yako amepona, na hukutaja kila tukila bukari. Umeuliza kwa nini sibadilishi delko, kifaa kinachogawa moto kwenye plagi za gari letu kuukuu.

Nilipokuwa nimehitimu chuo karibuni, delko yetu ilipasuka asubuhi ya kumpeleka mama Lukafu kwa dada yake mahututi. Madukani hatukupata nyingine. Jirani yetu Ramazani, niliyebishana naye kila jioni, aling'oa ya gari lake lililofanana na letu.

“Sasa utatembea na nini, papa?”

“Na miguu! Tutabisha kesho, mutoto ya masomo. Mama afike kwanza.”

Mama alimkuta dada yake angali hai, wakashikana mikono. Nilipotaka kuirudisha delko, Ramazani alikataa: “Ile ilimufikisha mama. Hairudi.”

Kila injini inapowaka, namshukuru.

Babu yako