Neno Nililolitoa kwenye Taarifa ya Saa Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla ya Ijumaa ijayo, kwa sababu Ijumaa natakiwa kutia saini karatasi ambayo mwenzangu yeyote angeirukia kwa mikono miwili, na mimi kila nikiitazama naigeuza uso chini.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nafanya kazi redioni, dawati la habari za kimataifa, na hilo dawati lenyewe ni meza moja iliyobanwa kati ya mlango wa choo na kabati la kanda za zamani, niko peke yangu, napokea habari kutoka mashirika ya nje, nazitafsiri, nazifupisha zienee kwenye dakika mbili tunazobakiziwa baada ya ziara za mawaziri na kabla ya michezo, kisha naingia studio kuzisoma mwenyewe. Aliyenilea ni mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, na binti yake, ambaye kwangu ni mdogo wangu wa damu, anashona nguo kiwandani katika mji mmoja wa bandari, nchi ya mbali.

Miezi miwili iliyopita serikali ya huko ilipandisha bei ya mkate na mafuta ya taa, watu wakaingia barabarani, askari wakafyatua risasi. Habari ilinifikia saa sita na nusu mchana. Ilisema hospitali zimehesabu maiti kumi na moja, na kwamba viongozi wa maandamano wanadai waliokufa ni zaidi ya sitini na mtaa wa wafanyakazi wa kigeni umeteketezwa wote, ila madai hayo hayajathibitishwa. Nikaandika hivyo hivyo. Mhariri wangu akaja kusimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai.

"Kumi na mmoja? Tena nchi ya watu? Nani ataacha sahani yake asikilize? Weka sitini. Na hiyo 'inadaiwa' yako inapoza habari. Itoe."

"Lakini mzee, haijathibitishwa."

"Watathibitisha kesho. Leo tunawahi."

Nikaitoa. Sitaki kukudanganya mshauri, hakunishika mkono wala hakunitishia kazi, na nilipoisoma hewani niliipenda jinsi ilivyokaa mdomoni. Mdogo wangu nilijua anakaa upande mwingine kabisa wa mji, nikajiambia hayamhusu. Kumbe alikuwa amehama mwezi mmoja kabla, kasogea karibu na kiwanda, na aliyemwambia ni baba yake tu.

Mjomba alikuwa sebuleni. Mke wake anasema alisimama, akasema, "Huo ni mtaa wa mwanangu," akaelekea kabatini kuchukua simu, akaanguka katikati ya viti. Kiharusi. Mkono wa kulia hauna nguvu mpaka leo na ulimi umekuwa mzito. Siku ya tatu mdogo wangu akapiga, mzima wa afya, simu ndizo zilizokuwa zimekatwa, na kilichoungua mtaani kwake ni ghala moja la magodoro lisilokuwa na mtu ndani. Nilipomwambia mhariri tusahihishe akacheka, akasema habari ya wiki iliyopita imeshazikwa, ya nini kuifukua.

Kila jioni napita kumsaidia mjomba kula. Anataka redio iwashwe muda wote, na mtaalamu wa mazoezi akija mchana nikiwa hewani anamwonyesha redio kwa kidole cha kushoto, "Huyo... mwanangu." Siku moja akaniuliza polepole, "Ile habari... uliandika wewe?" Nikajibu, "Hapana mjomba, mimi nasoma tu ninacholetewa." Akanipapasa mkono, akasema, "Pole, mama. Kumbe na wewe walikutisha." Tangu siku hiyo namlisha nikitazama sahani tu.

Na sasa wakubwa wanasema taarifa ile ilisambazwa kwenye simu kuliko nyingine yoyote mwaka huu, kwa hiyo wananipandisha niwe mhariri wa habari za kimataifa, na karatasi yenyewe ndiyo hiyo ya Ijumaa. Daktari amesema mgonjwa asishtuliwe. Je, nimwambie mjomba, au nimwache na amani yake? Na je, nitie saini?

Wako, Msomaji wa Saa Saba.

JIBU

Msomaji wa Saa Saba, pole sana. Kumlisha kwa kijiko mtu aliyekulisha ukiwa mtoto, huku una jambo kama hilo kifuani, si mzigo mwepesi. Pole imeisha. Sasa tuzungumze.

Kiharusi cha mjomba wako usikibebe chote. Presha yake iliyokuwa imejificha miaka mingapi, daktari ndiye ajuaye. Lakini kilicho chako ukibebe. Ulijua haijathibitishwa, ulilisema kwa mdomo wako, kisha ukafuta. Mhariri alitoa amri mbaya, ila kidole kilichofuta ni chako, na ninakuheshimu kwa kutolificha hilo.

Kuna jambo limenisumbua zaidi. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja na sijakiona. Watu kumi na mmoja walikufa kweli. Kwako wamebaki tarakimu uliyoiona ndogo, ukaibadilisha na kubwa. Na ule mkate uliopandishwa bei, aliyeupandisha na sababu yake, ulipata sekunde ngapi? Najua jibu. Wasikilizaji wako walisikia pameungua, hawakusikia kwa nini, na ndivyo tunavyowatangazia nchi za watu kila siku: zinaungua tu, kama kwamba ndiyo kazi yake. Ukimzoesha msikilizaji hivyo, akisikia mtaa wa mwanawe umeteketea ataachaje kuamini?

Tena unalia kama vile redio yenu ina msikilizaji mmoja. Una uhakika gani kwamba mjomba wako ndiye mzazi pekee mwenye mtoto katika mji ule?

Kwa hiyo anza na redio. Kesho, si Ijumaa. Andika sahihisho, lipeleke kwa mhariri kwa maandishi, uombe lisomwe saa saba ile ile na mdomo ule ule. Akikataa, panda ngazi uende kwa mkurugenzi. Mkurugenzi naye akikataa, hiyo karatasi waachie mezani bila saini, maana watakuwa wamekuonyesha wanakupandisha ili ukawafanyie nini. Wakikubali, saini. Cheo hakina dhambi, na siku mhariri mwingine atakaposimama nyuma ya kiti cha mtu na kikombe chake, ni vizuri awepo mkubwa wa kumwambia 'inadaiwa' haitolewi.

Kuhusu mjomba: huyo daktari umemuuliza wewe mwenyewe, au umelisikia neno lake mlangoni ukalishika kwa sababu linakufaa? Muulize waziwazi kama mgonjwa anaweza kuambiwa jambo zito. Akiruhusu, nenda mchana, mke wa mjomba awepo chumbani, useme kwa ufupi: niliandika mimi, na nilipokana nilisema uongo. Usimtaje mhariri. Na tafadhali usilie mpaka mgonjwa ageuke kukubembeleza wewe. Ulishabembelezwa mara moja isivyo halali.

Jibu hili nilimpelekea mwenyewe kabla ya kulichapa, kwa sababu ya Ijumaa yake. Amenipigia juzi, na ameniruhusu niongeze haya.

Mkurugenzi alikubali sahihisho, sekunde arobaini. Dada huyu alirudi kwenye habari za siku zile akawatafuta waliokufa, akawasoma kwa kazi zao: wapagazi wanne wa bandarini, mwalimu wa hesabu, wanafunzi wawili, muuza mkate, mshonaji, dereva, na mzee aliyekuwa amekwenda kupanga foleni. Mama mmoja mwenye mtoto katika mji ule alifika mapokezi siku iliyofuata kuuliza kwa nini walikaa miezi miwili bila kusahihisha. Karatasi ya cheo imerudishwa ofisini "kwa kufikiriwa zaidi", na mhariri hamsalimii.

Daktari naye aliruhusu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauvuta mkono wake wa kushoto akauweka chini ya shuka.

"Umenidanganya mara mbili," alisema, na kila neno lilimchukua muda. "Ya redioni... nitaimeza. Ya hapa kitandani... bado. Nenda kwanza. Njoo Jumapili."

Ameniuliza Jumapili aende amebeba nini. Nimemwambia asibebe kitu, ila awahi.