Watu Thelathini wa Baraza la Mlali

Mpendwa mshauri, shikamoo, nisaidie kabla sijaharibikiwa kabisa, mimi ni mwalimu wa shule ya misheni huku Uluguru, na mwezi uliopita Mjerumani mmoja anayeandika kitabu cha mila zetu alinipa karatasi niwaulize watu mia wa milimani shamba la marehemu hurithiwa na nani, nami kwa uvivu wa kupanda nikashuka Mlali siku ya baraza la jumbe, nikakuta wanaume thelathini wamekaa, askari kasimama na bunduki yake, nikauliza kwa sauti, “Si kweli kwamba mtoto wa kiume ndiye humrithi baba yake?” wote wakaitika, “Ndiyo, bwana!” nikaandika, nikafurahi, kumbe najichimbia kaburi, maana kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na dada yangu Regina analima shamba alilorithi kwa marehemu mjomba wetu, sasa Mwinjuma, mtoto wa mjomba huyo, naye alikuwapo barazani, kamwambia Regina afungashe kwa kuwa kitabu kikitoka atakipeleka bomani, kwenye shauri wanalogombania shamba hilo. Regina hajui kuwa niliyeandika ni mimi. Zimebaki nafasi sabini, nami nawaza nizijaze mwenyewe mezani, watu sabini waseme mrithi ni mpwa, kwani ukweli si naujua? Bwana yule anarudi baada ya majuma mawili.
Alois, Uluguru

Marahaba, Alois. Nakusikitikia, na dada yako zaidi. Lakini wewe, mwalimu mzima! Mwanafunzi akibuni majibu sabini si utamchapa? Jibu la kubuni ni uongo hata likilingana na ukweli, na Mwinjuma akimtafuta mmoja tu wa hao sabini asimpate, shamba limekwenda.

Sasa jifunze maneno ya kazi uliyoipokea. Sampuli ni watu wachache wanaosimama badala ya wote. Mnunuzi wa mpunga hachoti juu ya gunia tu, hutia mkono hadi chini. Wewe ulichota juu: wanaume watupu, wa bondeni, wa baraza moja. Wanawake wanaolima hayo mashamba uliwaacha wapi? Na swali lako lilikuja na jibu lake tumboni. Anayetaka kujua huuliza, “Shamba la marehemu lilikwenda kwa nani?” kisha hufunga mdomo. Tena mbele ya jumbe na askari, nani angekubishia? Ulitaka kumaliza upesi, ukalivuta jibu upande wako. Huo ndio upendeleo.

Basi panda milima kesho. Ingia kila nyumba ya tatu, muulize mtu akiwa peke yake, wanawake kwa wanaume, andika jina, kijiji na jibu kama lilivyotamkwa, hata usilolipenda. Regina na Mwinjuma usiwahesabu, hao wana kesi. Wale thelathini usiwafute: mpe bwana karatasi zote, na juu ya ile ya kwanza eleza kwa mkono wako uliulizia wapi na vipi.

Lakini leo, kabla ya mlima wowote, nenda kwa Regina umwambie ni wewe. Atalia, huenda akakufukuza. Ana majuma mawili tu ya kutafuta mashahidi wake kabla bwana yule hajaondoka na karatasi zako, na kila siku unayonyamaza unamnyang'anya moja.